Dadangu, kile kitabu kinene kiweke kando kwanza

Umesema mwaka mzima ni kazi na mtoto, kitabu hata kimoja hujamaliza, na sasa ukifungua kile kinene ukurasa wa tatu ushalala. Pole sana mamangu, mimi pia yalinikuta na yaliniuma kwa kweli. Kirudishe kabatini, wala usione haya. Chukua hadithi fupi, ama riwaya uliyoipenda ukiwa fom tuu, maana wahusika ushawajua na akili haihangaiki kuwatafuta.

Mimi nilirudia kusoma hapo feri ya Likoni, Mombasa. Kitabu nakiweka kwa mkoba juu ya simu, yaani siifikii simu bila kukigusa, basi nikingoja kuvuka nasoma kurasa tano asubuhi na tano jioni nikirudi, na ukipiga hesabu kurasa 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, hiyo ni riwaya nzima! Alama yangu ni kipande cha leso kuukuu, geti likifunguliwa nakitia hapo nafunga, watu husukumana sana. Kitandani usijaribu saa hii, mwili ushachoka. Na kikikuboa kiache, chukua chengine.

Hicho kinene ni riwaya ama?