Panda asichokipenda kulungu

Swali la wiki hii limetoka kwa dada aliyehamia Maryland, Marekani. Nyuma ya nyumba aliyonunua kuna mialoni mikubwa, jua halifiki chini, kulungu huingia usiku wakala kila anachopanda, naye hajawahi kutunza maua maishani. Anauliza aanzie wapi, na kazi isiwe nyingi.

Dada, hongera kwa nyumba. Mimi niko jimbo la jirani, Pennsylvania, miti na wanyama ni walewale. Kwanza hakikisha mwizi wako ni nani. Inama uangalie pale palipoliwa. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati, anavuta na kuchana. Kikonyo hubaki na ncha iliyochanika nyuzinyuzi. Ukikuta kimekatwa mshazari, safi kabisa, huyo ni sungura, na sungura anazuiwa na wavu mfupi tu. Kulungu anaruka. Uzio wake unatakiwa kuwa na kimo cha kama mita 2.4, na ukishasikia bei ya fundi utatafuta njia nyingine.

Dawa za kupulizia zipo, nyingine zinanuka mayai viza, na lazima urudie kila baada ya muda, hasa mvua zikinyesha. Hiyo si kazi ya mtu asiyetaka usumbufu. Bora upande asichokipenda. Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, kina orodha inayopanga mimea kwa kadiri kulungu wanavyoishambulia, na kuisoma ni bure. Ipitie kabla ya kwenda kitaluni, maana huko utaonyeshwa hosta kwanza. Hosta inapenda kivuli, inapendeza, haina makuu, na kwa kulungu ni mchicha.

Mimi ningeanza na ua liitwalo Helleborus. Majani yake ni magumu na yana sumu, maua hutoka Februari au Machi, pengine theluji ikiwa bado ipo chini. Kazi yake ni moja kwa mwaka: baridi inapokaribia kwisha unakata majani ya zamani. Vaa glavu, utomvu unawasha, na kama una watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, uache kwanza.

Halafu makangaga. Tafuta kibao kilichoandikwa Polystichum acrostichoides. Hilo ni la misitu ya hukuhuku na hubaki kijani hata Desemba. Chini yake tandaza Carex pensylvanica, jamii ya ndago, yenye kimo cha kama sentimita 20 na isiyohitaji kufyekwa. Naam, ndago. Kwetu tunazing'oa kwa jembe huku tukilaani, hapa Marekani tunazilipia. Kuna pia tangawizi mwitu, Asarum canadense, yenye majani ya umbo la moyo. Harufu ya mizizi yake isikudanganye ukaitia kwenye chai: si tangawizi, na ina kemikali inayoharibu figo.

Oktoba fukia vitunguu vya dafodili, yaani viazi vya ua hilo vinavyofanana na vitunguu, kina cha sentimita 15 hivi. Huchanua kabla mialoni haijatoa majani, wakati jua bado linafika chini, na kulungu hawagusi kwa sababu ya sumu yake. Ua la tulipu usijaribu, hilo wanalila.

Nunua aina chache kwa wingi. Makangaga tisa yakikaa pamoja, sentimita 45 kati ya moja na jingine, yatafunika ardhi na magugu yatapungua. Aina tisa za mche mmojammoja zitakupa kazi kila Jumamosi. Panda Septemba, joto likishapungua. Usilime eneo zima, wala usimwage kifusi cha udongo juu, kwa kuwa mizizi inayoulisha mwaloni iko juujuu. Chimba vishimo vidogo kati ya mizizi, tumia miche midogo, na mwagilia kila wiki mvua isiponyesha, msimu huo wa kwanza na kiangazi kitakachofuata. Majani yanayopukutika usiyatie kwenye mifuko ya taka. Yapitishie mashine ya kukatia nyasi, uyarudishe kama matandazo, bila kuyarundika kwenye shina la mti.

Kuliwa hakutakoma kabisa. Theluji ikikaa muda mrefu, kulungu mwenye njaa huonja hata asichokipenda. Na madume, kuanzia Septemba, husugua pembe kwenye miti michanga hadi gome likatoka. Hapo ladha haihusiki, zungushia shina wavu wa waya.

Kingine ni kupe wanaosambaza ugonjwa wa Lyme, ambao kulungu huwaleta hadi uani. Ukienda kupalilia, chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti na kwapani.

Mwaka huu chukua kipande kimoja tu, kama mita 3 kwa 4, pale unapopaona kutoka dirisha la jikoni. Kwingine acha majani yalale.