Ugunduzi au Ufichuzi?

SWALI: Nina kesi ya madai. Wakili wa upande wa pili ameniletea maswali ya maandishi, natakiwa kuyajibu kwa kiapo kabla kesi haijasikilizwa. Juu ya karatasi pameandikwa "Maswali ya Ugunduzi". Je, neno hilo ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na linanikera kila nikiliona. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo ni "discovery", na asili yake ni kuondoa kifuniko. Maana ya kuvumbua ilikuja baadaye. Wanasheria wakabaki na ile ya kale, mtafsiri wetu akadaka hii mpya.

Kugundua ni kazi ya anayetafuta. Daktari hugundua ugonjwa, fundi hugundua bomba linapovuja. Zamani kumgundua mtu kulikuwa pia kumfikia ghafla, hana habari. Na maswali haya yamewekwa makusudi ili asiwepo wa kuviziwa siku ya kesi! Neno linapingana na utaratibu linaoutaja.

Kumbe Kiswahili kina chake. Ziba, zibua. Fumba, fumbua. Kunja, kunjua. Ficha, fichua. Chukua barua iliyomo kabatini mwako. Uliiweka mwenyewe, unajua iko rafu gani, chini ya faili gani. Huwezi kuigundua. Unaweza kuificha au kuifichua, basi. Ukiandika kwamba umeigundua, umemwambia hakimu kuwa ilikuwa imekupotea, na hapo umeapa uongo kwa kosa la mtafsiri.

Wapo wanaolalamika kwamba "ufichuzi" unanuka kashfa, kwa jinsi magazeti yanavyolitumia. Nawaelewa. Wakiandika "utoaji wa taarifa" sitagombana nao, ingawa ni maneno yaliyopooza. Ugunduzi, hapana.

Kwa hiyo andika "Majibu ya Maswali ya Ufichuzi". Jiite mdaiwa, kama wewe ndiye unayedaiwa. Mshtakiwa mwachie kesi ya jinai. Na ukifika kwenye swali lisilo na jibu, pima maneno yako. "Sijui" ni kusema habari hiyo huna. "Sikumbuki" ni kukiri kwamba uliwahi kuwa nayo, na wakili wa upande wa pili atakuuliza uliipata lini, na kwa nani.