Ami Asema Mimi ni wa Kushoto

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Kisauni. Juzi kwenye nikahi ya binamu yangu nilisema bandari isikodishwe kwa matajiri, na maskwota wa Pwani wapewe hati za ardhi. Ami yangu, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, akacheka mbele ya watu: "Huyu ni mrengo wa kushoto, na hao hawana dini." Mimi naswali, navaa buibui, na Mahakama ya Kadhi nataka ibaki. Niko upande gani? – Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa habari ya mali ami yako amekusoma sawasawa. Kwa habari ya dini amekuletea ugomvi wa Wafaransa.

Mwaka 1789, Bunge la Taifa lilipokutana Versailles, wajumbe walibishana kama Mfalme Louis XVI apewe uwezo wa kuzuia sheria. Waliomtetea mfalme wakajikusanya kuliani kwa mwenyekiti, waliompinga wakakaa kushoto. Novemba mwaka huohuo bunge likaitwaa mali ya kanisa, mashamba na majumba, na tangu hapo huko kwao padri akahesabiwa mtu wa kulia. Sisi hayo hayatuhusu. Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kushika ibada, na ndiye aliyeleta Azimio la Arusha mwaka 1967 akataifisha mabenki. Mtajie ami jina hilo, umwone atajibuje.

Kwenye mali, kushoto kabisa wako wakomunisti, wasiotaka kiwanda kiwe cha mtu mmoja. Kulia wako wanaotaka kodi ndogo na serikali iwaachie wafanyabiashara soko lao, na mbali zaidi wako wanaotukuza taifa lao hadi kuwabagua wengine. Walio wengi wako katikati, na husogea bei ya unga ikipanda.

Hapa Kenya mvutano huu tuliwahi kuwa nao waziwazi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ukiitwa wa ujamaa wa Kiafrika, lakini mali ya mtu binafsi ikalindwa, na fedha za maendeleo zikaelekezwa kwanza penye mvua na ardhi nzuri. (Ujamaa gani huo, mimi sijui.) Mbunge Bildad Kaggia alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Yeye na Oginga Odinga wakaingia KPU (Kenya People's Union), chama cha upinzani, mwaka 1966, na chama kikapigwa marufuku 1969. Tangu hapo vyama vyetu vikubwa vimefuata watu na makabila kuliko viti vya Versailles.

Kwa hiyo kwenye hati za maskwota uko na Kaggia. Lakini jua kwamba dhuluma ya ardhi ya ukanda wetu ilianza na sheria ya mkoloni ya 1908: ardhi ambayo haikudaiwa na kuthibitishwa ikawa ya serikali, na Mmijikenda aliyezikwa babu zake pale akageuka mvamizi. Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani, na chama chake cha KADU walitaka majimbo, yaani kila eneo lijitawale, ili jamii ndogo zilinde ardhi zao. Hilo ni la kushoto au la kulia? Ukinikaba nitakwambia halimo kabisa kwenye mstari huo. Ni ugomvi wa Pwani na Nairobi.

Na Kadhi ndiye anayeuvuruga mstari wenyewe. Mzungu akisikia unatetea mahakama ya dini atakuweka kulia moja kwa moja. Ila kwenye kura ya maoni ya Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya Kadhi na ya utoaji mimba, na sisi tukamtetea Kadhi kwa hoja ya haki za walio wachache, hoja ambayo kwingine husemwa sana na watu wa kushoto. Akabaki, Kifungu cha 170, kwa ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake.

Basi mwambie ami: kwa bandari na ardhi mimi ni wa kushoto, kwa nyumba na ndoa ni mtu wa mila. Wagombea wakija Kisauni 2027 na fulana zao, usiwaulize mrengo. Waulize shamba gani litapimwa, hati zitatoka kwa nani, na bandari ikikodishwa mkataba utasomwa wapi.