Alipanga korosho mstari mmoja, mimi nikacheka

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipoanza kupanga korosho. Ulikuwa msimu, uani kwetu hapa Mtwara pamejaa magunia, naye anachukua korosho ghafi moja moja na kuzilaza sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi, migongo yote upande mmoja. Ukisogeza moja analia mpaka anatapika. Nikacheka, nikasema huyu atakuwa karani wa chama cha msingi. Sikutilia maanani kwamba nikimwita jina hageuki, ilhali karatasi ya pipi ikichakarika chumba cha pili anakuja mbio.

Mwanangu ana usonji, yaani ubongo wake umejengwa tofauti katika kuzungumza na kuhusiana na watu, na hilo la jina ni dalili; lishike. Mtoto wa mwaka mmoja akiitwa, kwa kawaida hugeuka. Akifika mwaka na nusu anakuonyesha kwa kidole paka au ndege, si kwa sababu anamtaka, bali ili na wewe umwone. Wangu hakuonyesha kitu. Akitaka biskuti alinishika mkono na kuupeleka kwenye kopo, kana kwamba mkono wangu ni koleo. Na mtoto aliyekuwa na maneno mawili matatu, kisha yakapotea, huyo mpeleke wiki hiyohiyo.

Mimi nilingoja. Bibi yake alitaka akatwe udata, ile kamba ya chini ya ulimi. Jirani akasema kachezewa. Kliniki moja nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa, nirudi akifikisha miaka 3. Nilitoka pale moyo mweupe, na hapo ndipo panaponiuma, maana nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Daktari aliyekuja kunisaidia alinieleza mambo ya ubongo kwa mfano wa shamba. Ubongo wa mtoto huchipua viunganishi vingi kupita mahitaji, kama mkorosho ulioachiwa. Kisha hupogolewa: njia zinazotumika hunenepa, zisizotumika hukatwa. Kazi hiyo huenda mbio miaka ya mwanzo, lakini sehemu ya mbele, ile ya kupanga mambo na kujizuia, haikomai mpaka mtu afike miaka 20 na ushee. Kwa mtoto mwenye usonji ujenzi huo hufuata ramani nyingine tangu tumboni, na sehemu kubwa ya ramani ni vinasaba. Malezi hayahusiki. Miaka ya 1950 huko Marekani kuna mabingwa waliosema usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Wakaumiza wanawake bure, kisha ikaonekana si kweli. Mimi hiyo sikuisoma popote wakati ule, lakini ukoo ulinisomea.

Kuhusu chanjo, nami nilishuku kwamba ndiyo iliyoleta usonji. Sindano ya surua na rubela ya pili huku kwetu huchomwa mtoto akiwa na miezi 18, umri uleule dalili zinapoanza kuonekana, kwa hiyo macho yanaunganisha mambo mawili yaliyokutana tu njiani. Utafiti wa 1998 uliozusha hofu hiyo ulifutwa na jarida lililouchapisha mwaka 2010, na Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 wasione uhusiano wowote. Mdogo wake nimemchanja zote.

Si kila tatizo la ubongo ni vinasaba, lakini. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano kali isitibiwe, anaweza kubaki na mtindio wa ubongo. Uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, wakati wa mimba humfikia mtoto tumboni, na msimu wa mabibo tunajuana. Chumvi ya majaruba isiyotiwa madini joto nayo ni hasara kwa ubongo unaojengwa, hata kama ni ya shemeji yako na ni rahisi. Na mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga wiki ya nne tangu mimba itungwe, wengi hatujajua hata kama tumeshika, ndiyo maana vidonge vyenye foliki asidi huanzwa kabla.

Ukishashuku, omba kwanza apimwe masikio, maana kiziwi naye hageuki akiitwa. Mrekodi kwa simu dakika mbili akicheza nyumbani. Mbele ya daktari atalala au atalia, na utaonekana unazua. Ukiambiwa ungoje, uliza ungoje nini, kisha nenda kwingine. Atakayekuambia ana dawa ya kuponya usonji anakuuzia. Mimi nilishauza mbuzi wawili kwa mmoja wao.

Kilichotusaidia hakina gharama, ila kinachosha: kukaa chini uso kwa uso naye, kusema maneno machache, halafu kunyamaza. Kunyamaza kwelikweli, unahesabu moyoni mpaka 10, kwa sababu ubongo wake unahitaji muda wa kulipokea neno na kutafuta la kurudisha. Mimi nilikuwa najibu kwa niaba yake kabla sijafika 3.

Sasa ana miaka 7, yuko kitengo cha elimu maalumu, sentensi zake ni fupi na korosho bado anapanga. Bibi yake mpaka leo anasema ni udata. Lakini kwa kungoja ametushinda wote: anakaa naye mkekani, ananyoosha kiganja, anasema “naomba,” ananyamaza. Juzi alipewa mbili.