Unauza nyumba iliyokuwa na paka? Tia pua sakafuni kwanza

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyekuja na mwanawe. Tukamtembeza nyumba yote. Akausifu mlango, akazisifu boriti, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama agongaye tikiti. Alasiri ikaadhiniwa, akaomba mswala. Tukamtandikia chumba cha chini, kile alichokuwa akilala bibi, maana ndicho chenye upepo. Alipotoa salamu alikaa kitambo, akaukunja mswala mwenyewe, akanambia, "Nyumba nzuri, mwanangu. Inshaallah tutapigiana simu." Mpaka leo simu hiyo haijalia.

Mimi nikadhani bei. Ndugu zangu wakadhani bei. Dalali, ambaye kazi yake ni kujua, naye akasema bei, tukashusha. Huo ulikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Zilipita wiki nane na wanunuzi watatu zaidi ndipo nikafahamu kwamba yule mama alipoweka paji lake chini, pua yake ilikutana na mkojo wa paka uliokusanyika miaka 20.

Nyumba yenyewe iko Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, hatua chache kutoka kunakoshushwa samaki, na huko paka ni wakaazi kama sisi. Bibi, Mungu amrehemu, hakuwa na kawaida ya kumfukuza hata mmoja. Kila asubuhi vichwa na matumbo ya samaki vilikuwa vinawangojea uwani. Wa ndani walikuwa watatu, wenye majina. Wa nje hawakuwa na idadi. Na paka si najisi, hadithi ya "wanaokuzungukeni" tumesomeshwa wote chuoni. Lakini mkojo wake ni shauri jengine.

Jambo la mwanzo ninalotaka ulifahamu: pua yako imekufa. Si tusi. Anayeishi na harufu haisikii, kama muuza samaki asivyosikia shombo. Mimi niliipata habari kwa kijana muuza kahawa anayepita na dele lake barazani kwetu. Nilimwita aje ukumbini anisaidie kusogeza kabati. Hajavuka hata kizingiti sawasawa, akauliza, "Bi mkubwa, mna paka wangapi?" Wakati huo hakukuwa na paka hata mmoja ndani.

Basi tafuta mtu asiyefuga paka. Funga madirisha yote baada ya Isha, lala kwengine, mje pamoja alfajiri, yeye atangulie. Usimwambie unatafuta nini. Kama ni siku ya mvua, bora zaidi. Mkojo wa paka umekolea sana, na ukikauka huacha chembe za asidi ya yuriki ambazo maji hayaziyeyushi kwa wepesi. Wakati wa kaskazi hulala kimya. Hewa ikijaa unyevu huamka, na harufu hurudi kama jana. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa Januari kwamba nyumba yake haina neno, na mnunuzi wa masika akakunja uso mlangoni.

Dalali alikuja na dawa yake: chetezo. Nusu saa kabla ya wageni anafukiza udi vyumba vyote. Udi juu ya mkojo wa paka haufanyi nyumba inukie udi, nakwambia. Tulipata kitu cha tatu, kizito, na mnunuzi aliyefuata aliingia akauliza kwa sauti ya chini kama tumefiwa. Zaidi ya hapo, mtu akiona moshi kila chumba saa nne za asubuhi, swali la kwanza kichwani mwake ni nini kinafichwa. Mchaichai, karafuu, malashi ya kupuliza, yote hesabu moja.

Kisha tukamwaga maji, ndoo baada ya ndoo. Kisheria tulikuwa sawa: maalim alitwambia najisi ikishaondoka na maji yakapita, harufu iliyogoma kutoka husamehewa. Lakini mnunuzi hanunui fatwa. Na kuta zetu hizi za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo zinakunywa kama sponji. Maji yale yaliuteremsha mkojo ndani zaidi na kuusambaza upana wa dhiraa nzima.

Kaka yangu ndiye aliyeleta klorini ya kufulia nguo nyeupe. Akaimwaga chumbani, mlango umefungwa, akaanza kusugua. Hazikupita dakika tano yuko barazani, macho yanamtiririka, anakohoa hawezi kusema. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini huzaa gesi ya sumu. Hili nalisema kwa herufi kubwa hata kama sikuziandika: usimwage klorini penye mkojo. Wala usiichanganye na siki.

Siki ndilo kosa langu mimi. Nilisoma mahali kwamba siki inaua harufu ya paka, na kwenye vigae ni kweli inasaidia. Nikaipaka ukutani. Ikatoa povu jembamba linalochemka, nikafurahi, nikadhani naona uchafu unavyoliwa. Kumbe inayoliwa ni chokaa. Siki ni asidi, na lipu ya chokaa, hata jiwe la matumbawe lenyewe, huyeyuka mbele ya asidi. Kesho yake pale palikuwa na unga mweupe chini na shimo la kuingia kidole. Kama nyumba yako ni ya chokaa, siki iache jikoni.

Kilichosaidia ni kutafuta mahali penyewe, si kusafisha nyumba nzima. Niliazima kwa mwenye duka ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Usiku, taa zote zimezimwa, unatambaa nayo karibu na sakafu. Mkojo mkavu hung'aa rangi ya manjano iliyofifia. Angalia tu usidanganyike: sabuni za unga nazo zinang'aa, ila kwa weupe wa kibuluu. Kwa hiyo ukiona alama, inama uinuse. Nilitambaa vyumba vyote kwa magoti, na wanangu wakanicheka mpaka wakachoka. Nikapata sehemu saba, zote zimezungushiwa chaki. Tano zilikuwa za dume mmoja, Sultani, aliyekuwa akipiga mkojo kwenye pembe za kuta na miguu ya mlango kuweka mipaka yake. Dume asiyehasiwa mkojo wake una kitu cha zaidi, na kinapovunjika hutoa harufu ile inayoingia mpaka kooni.

Sehemu mbili za sakafu ya saruji tuliziweza kwa dawa ya vimeng'enya, yaani enzaimu, aliyoniletea mpwa wangu kutoka Dar es Salaam. Hii ndiyo inayovunja ile asidi yenyewe. Siri yake ni kwamba lazima ikae mbichi. Watu hunyunyiza wakafuta, kisha wakalaumu dawa. Mimi nilimwaga mpaka ikafika ulipofika mkojo, nikafunika na nailoni, nikaiacha siku nzima, nikarudia mara tatu. Na iwe ya kwanza, maana mahali palipotiwa klorini au dawa kali nyengine vimeng'enya haviwezi kazi. Ukiikosa, nunua duka la dawa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, utie magadi ya kuokea na tone la sabuni, upake, uache ikauke. Changanya ya kutumia wakati huo tu, usiihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka. Na inafubaza rangi, kwa hiyo jaribu pembeni.

Ukuta wa chumba cha bibi haukukubali dawa. Hapo nilimwita fundi mzee anayejua chokaa, na nikamtuma kwanza ofisi inayohusika akauliza kibali, maana Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na huwezi kujichimbia tu. Akabandua lipu kutoka chini mpaka usawa wa goti, jiwe likabaki tupu. Siku ile nyumba ilinuka kuliko siku zote, nusura nimfukuze. Akanambia, "Uwache ukuta upumue." Tukauacha wiki tano za kaskazi, madirisha wazi. Kisha akapiga lipu ya chokaa iliyorowekwa kitambo. Jirani alituhimiza saruji, ni rahisi na inakauka upesi. Fundi alikataa katakata: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa chokaa, na baada ya masika mawili utaiona inajitenga, na harufu nyuma yake.

Vitu vya kitambaa sikuvihangaikia. Godoro la sufi, mito na mikeka miwili vilitupwa. Kilio kikubwa kilikuwa cha mama, kwa ajili ya mkeka mmoja wa ukindu. Sultani alihasiwa akahamia shamba kwa khalati Fuoni, na wenzake wawili wako kwangu. Usianze kusafisha paka bado wapo, utakuwa unafua na kuanua kwenye mvua.

Mnunuzi wa mwisho alikuja Aprili, mvua inanyesha tangu usiku. Nilikataza udi. Nilimwambia kabla hajauliza: chumba hiki kilikuwa na paka, lipu hii ni mpya kutoka hapa mpaka hapa kwa sababu hiyo. Dalali alinikodolea macho. Yule bwana akachutama, akabandika kiganja ukutani, akakinusa, akabandika sakafuni, akakinusa tena. Kisha akaniuliza fundi wangu ni nani, maana kwao pia kuna chumba kama hiki. Akaiandika nambari ya fundi kwanza, ndipo tukakaa kuzungumza bei.