Adui Anampiga Nani na Kwa Nini: Maswali Yenu Kuhusu Ramani za Kujitengenezea

Maswali yaliyoingia safari hii karibu yote yanazunguka pale pale: mtu katengeneza ramani yake ya gemu ya vita, kaweka adui, halafu adui anafanya mambo yake. Nimechukua machache nikayafupisha. Sitaanza kueleza kwa urefu trigga (ile kanuni ya "kikitokea hiki, fanya hiki") ni nini wala edita (programu ya kutengenezea ramani) inafunguliwaje, hayo mnayajua.

Natengeneza ramani ya minara Warcraft III, ile ambayo minara inawazuia maadui wanaopita. Maadui wanapita pembeni ya minara bila kuigusa hata kidogo, wanapigwa tu mpaka mwisho. Ni bagi (hitilafu ya gemu)?

Sio bagi, umewapa amri ya kutembea. Wape amri ya kushambulia kuelekea sehemu, basi. Hili linaulizwa kila mara jamani, kabla hujasema gemu ni mbovu angalia kwanza amri uliyoandika kwenye trigga.

Maadui wangu wa kompyuta wanaenda vizuri, wanafika katikati, wanapigana kidogo, halafu wengine wanageuka wanarudi walipozaliwa. Warcraft III pia.

Hili ni swali la maana na wengi linawatesa kimya kimya. Kwenye Warcraft III askari wa mchezaji anayeendeshwa na kompyuta anahesabiwa kuwa na kituo chake cha ulinzi, yaani pale ulipomweka au alipozaliwa, na akishakosa kazi, labda kamaliza kupigana au njia imemchanganya, anarudi kulinda kituo. Yeye anaona anafanya kazi yake. Dawa ni ile aksheni (kitendo cha ndani ya trigga) ya kuiambia kompyuta ipuuze kituo cha ulinzi cha askari huyo, na uiweke hapo hapo kwenye trigga inayomzalisha, mstari unaofuata, sio dakika tano baadaye. Halafu naona watu wanatumia wale maadui wasio na upande kwa mawimbi (makundi ya maadui yanayokuja kwa zamu), acheni hiyo tabia! Wale wametengenezwa kukaa kambini, kwenye vipimo vya gemu wana umbali wa kufukuza na wakizidisha wanarudi, ndiyo kazi yao. Mawimbi mpe mchezaji wa kompyuta, wa kambini waache kambini.

Warcraft III tena: nikigusa kambi moja ya walinzi, kambi ya jirani nayo inakuja.

Bofya mara mbili kila mlinzi uliyemweka kwenye ramani, utaona umbali wa kushtukia adui, wa kawaida ni 500 na wa kambi ni 200. Weka wa kambi. Kama bado wanakuja basi umezibananisha kambi, maana mlinzi akipigwa anaita wenzake wa karibu, hapo sogeza kambi wala usihangaike na trigga.

StarCraft II: nimejenga ukuta wenye damu (uhai) nyingi sana ili maadui wahangaike nao, ila wanauacha wanapiga mizinga iliyo nyuma. Nimeongeza damu ya ukuta mara kumi, bado.

Damu haina uhusiano na hilo, ungeongeza hata mara mia. Askari akichagua wa kumpiga anaangalia kwanza nani yuko ndani ya umbali anaoweza kumshtukia, kisha kati ya hao silaha yake inaruhusiwa kumpiga nani, maana kuna silaha za ardhini tu na za angani tu, kisha kipaumbele cha shabaha, yaani namba inayosema nani apigwe kwanza, na ukaribu ndio unakuja kuamua kati ya waliolingana. Watu wengi wanadhani ukaribu ndio wa kwanza, na makosa karibu yote ninayotumiwa yanaanzia hapo. Sasa kwenye StarCraft II askari wengi wa kupigana wana kipaumbele 20, na majengo mengi yasiyo na silaha yana 11. Ukuta wako ni jengo lisilo na silaha, mzinga una silaha, kwa hiyo kama mzinga uko ndani ya umbali wao ukuta hauna nafasi, hata kama adui anaugusa kwa pua.

Ingia kwenye data ya ukuta, kwenye kipaumbele weka 20. Hapo unalingana na mzinga na ukaribu unaanza kufanya kazi, atakayefika ukutani atapiga ukuta. Usiweke 21! Najua utashawishika. Ukiweka 21 maadui watakwangua ukuta huku wanauliwa na mizinga bila kugeuka, na mchezaji akigundua hilo atajenga vipande vya ukuta kila kona na ramani yako imekufa. Na kumbuka kipaumbele kimekaa kwa anayepigwa, sio kwa anayepiga, kwa hiyo kama adui naye ana ukuta huo huo, askari wa mchezaji nao wataanza kupoteza risasi kwenye ukuta badala ya kupiga watu. Tengeneza nakala ya ukuta kwa upande mmoja tu.

Nina trigga inayofanya kazi kila sekunde 0.05, inaamuru maadui wote 150 wampige shujaa wa mchezaji. Gemu inakwama na maadui wanatetemeka tu, hawapigi vizuri. Niboreshe vipi?

Ifute. Piga hesabu mwenyewe, 0.05 ni mara 20 kwa sekunde, zidisha kwa 150, unatoa amri 3,000 kila sekunde, na amri mpya inaweza kuilazimisha gemu itafute njia upya kwa huyo askari. Ndiyo maana inakwama. Kutetemeka nako kuna sababu: pigo lina muda wa kuinua mkono kabla halijatua, amri nyingine ikiingia katikati linaweza kukatika, anaanza upya, anakatizwa tena, unaona anacheza cheza tu. Toa amri pale kitu kinapotokea, adui akizaliwa, shabaha ikifa, shujaa akifufuka. Halafu weka ukaguzi mmoja wa kila sekunde 2 au 3 unaowagusa wale tu waliosimama bila amri. Mimi nitaendelea kulisema hili mpaka lieleweke, kulazimisha shabaha kwa trigga ni njia ya mwisho, kwanza malizia data: umbali, shabaha zinazoruhusiwa, kipaumbele. Ramani nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Age of Empires II, jeshi la mchezaji wa 2 linaniangalia tu wakati nimeshaweka uadui.

Umeweka uadui wa upande mmoja. Wewe unamwona adui, yeye anakuona rafiki, pande zote mbili zinawekwa kivyake. Ukishamaliza hapo angalia kama hujawaacha kwenye msimamo wa kutoshambulia.

Mchezaji akiziba njia yote kwa minara, maadui wanasimama. Nifanye nini?

Amua kwanza sheria ya ramani yako, usikimbilie kuandika kodi za programu. Kama kuziba ni kosa, zuia jengo lisijengwe. Kama kunaruhusiwa, basi waliokwama wape amri ya kushambulia ili wavunje, na hakikisha wana silaha inayoruhusiwa kupiga majengo, maana nimeona ramani ambazo adui anapewa amri sahihi kabisa ila silaha yake hairuhusiwi kugusa jengo. Hapo atasimama mpaka kesho.

Nataka AI (akili ya kompyuta inayoendesha maadui) yenye akili, kila adui amtafute mwenye damu kidogo.

Usifanye. Mchezaji anayebeba ngao anakaa mbele ili apigwe yeye, ukimwondolea hiyo kazi timu nzima inabaki kukimbia, na hakuna anayeelewa kwa nini kafa. Mpe tabia hiyo adui wa aina moja tu, mfanye aonekane tofauti kwa rangi au kwa mwendo, mchezaji ajifunze kumkwepa.

Adui hawapigi. Msaada tafadhali.

Gemu gani, adui wa nani, amri gani, silaha inapiga nini? Bila hayo manne sijibu, na msije kulalamika.

Warcraft III, maadui wanapiga hewa, hakuna kitu pale.

Kuna askari wako wa siri anayerusha uchawi, umemwondolea sura tu. Mpe uwezo wa Locust, hatachaguliwa wala kulengwa tena, na mwondoe akishamaliza kurusha maana wakirundikana mia mbili gemu itakuwa nzito tena na utarudi hapa kuniuliza kwa nini.