Muulize Baharia: Jua likizama Santorini, chombo kiwe wapi?

SWALI: Shikamoo Baharia. Mimi na mume wangu tutakuwa Santorini, Ugiriki, wiki ya kwanza ya Agosti. Natamani sana ile safari ya jioni ya katamarani, mashua ya tanga, ya kuzunguka kisiwa na kutazama jua likizama. Mume wangu bahari humlevya hata kwenye feri, naye anasema jua ni lilelile, tulitazame bure kijijini Oia. Tuamulie. Na zile chemchemi za maji moto, ni moto kweli?
Mke wa Mlevi wa Bahari

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhusu jua mumeo amesema kweli, ila kuhusu Oia hajui anachokiomba. Mwezi wa Agosti watu hugombea nafasi kwenye magofu ya ngome mapema mno, na kinachoonekana zaidi ni simu zilizoinuliwa juu. Mimi ningepanda chombo. Lakini kabla hujatoa euro yako, muulize mwenye chombo jambo ambalo wengi hawaulizi: jua likizama, tutakuwa wapi?

Santorini imejipinda kama mwezi mchanga kwa sababu volkano ililipuka yapata miaka 3,600 iliyopita, katikati pakadidimia na bahari ikaingia. Shimo hilo, kaldera, lina kina cha karibu meta 400, na upande wake wa magharibi kuna kisiwa cha Thirasia. Sasa, mwanzoni mwa Agosti jua huzama likiwa limesogea kaskazini ya magharibi. Chombo kikizubaa karibu na kisiwa kidogo cha Palea Kameni, penye zile chemchemi, Thirasia inawakalia mbele. Mtaliona jua likijificha nyuma ya mlima, tena mapema kuliko wenzenu. Nahodha anayeijua kazi yake huwa ameshatoka, ama kusini mbele ya mnara wa taa wa Akrotiri, ama kaskazini chini ya Oia. Wiki hiyo jua litazama kama saa 2:20 usiku kwa saa za huko. Chombo kinachorudi gatini saa 2 kamili kimekuuzia jina tu.

Upepo nao una neno lake. Agosti ni msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya mbingu isiyo na wingu, na mara nyingi hushika nguvu alasiri. Vyombo vingi huondokea Vlychada, pwani ya kusini, ambako kisiwa chenyewe kinawakinga. Mtapita Ufukwe Mwekundu na Ufukwe Mweupe maji yakiwa shwari, mumeo ataanza kujisifu. Mkishaizunguka rasi ya Akrotiri, kifua cha chombo kinauelekea upepo na majisifu yatakwisha. Wewe hapo tazama majabali: tabaka nyeusi, nyekundu, kisha jivu jeupe la ule mlipuko juu kabisa. Kwangu mimi hilo linalipa nauli kuliko jua lenyewe.

Usishangae tanga likibaki limefungwa. Kwenda kaskazini dhidi ya meltemi, kwa safari ya saa tano hivi, nahodha atawasha injini.

Kwa mgonjwa wetu, katamarani ndiyo chaguo sahihi, kwani imesimama juu ya miili miwili na hailali ubavu kama mashua ya kawaida. Ule wavu wa omo, yaani mbele ya chombo, ambako kila mtu anataka kupigwa picha ndipo panaporusha zaidi. Akae tezi, yaani nyuma, macho kwenye upeo wa bahari, simu mfukoni. Dawa anunue Fira, mji mkuu wa kisiwa, na ameze kabla ya kuondoka kama mfamasia atakavyomwelekeza, maana akishaanza kutapika haitamfaa kitu. Mvinyo wa kisiwa umnywee wewe.

Wekeni nafasi jioni ya kwanza ya likizo, msisubiri ya mwisho. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia vyombo kutoka, na mkiwa na siku mbele yenu mtahamishiwa nyingine. Hilo la kuhamishiwa au kurudishiwa fedha lipate kwa maandishi.

Chemchemi? Vuguvugu. Chombo hakiingii kwenye ghuba yenyewe. Mnaruka kwenye maji baridi ya kaldera na kuogelea hadi yanapogeuka rangi ya kahawia. Hiyo ni chuma kutoka chini, na huacha madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe ya kuogelea. Vaa nyeusi, na mikufu ya fedha iache hotelini.

Na kama mumeo atakataa katakata, mpeleke kwa gari kwenye mnara wa taa wa Akrotiri. Ni bure kama anavyotaka, na atamaliza ubishi akiwa juu ya mwamba usiotikisika.

SWALI: Baharia, sijui kuogelea kabisa. Nikienda safari hizo nitakuwa mzigo kwa wenzangu?
Msomaji

JIBU: Hata kidogo. Wenzako wakiruka, wewe omba jaketi la kuokolea, keti kivulini, ule samaki wa kuchoma kabla hawajarudi na njaa. Mwambie nahodha mapema, mbele ya mabaharia wake, ili asiwepo wa kukusukuma majini kwa mzaha. Na beba sweta. Wakati wa kurudi gatini, upepo ule wa mchana hukata ngozi.